Mzizi Hauendi Chini Bure

Kuna mahindi matamu ya aina ya Merit ambayo yakioteshwa gizani, mzizi wake haujui chini ni wapi. Punje inavimba, inapasuka, mzizi unachungulia, kisha unakwenda zake ubavuni, sambamba na ardhi, wala uzito wa dunia hauushughulishi. Ukiumulika kidogo tu kwa mwanga mwekundu, halafu ukaurudisha gizani, mzizi uleule unainama na kuanza kushuka. Lewis Feldman na Winslow Briggs, wote wa California, waliliandika jambo hili mwaka 1987, na tangu nilipolisoma halijanitoka kichwani. Si mahindi yote yako hivyo. Mengi yanashuka hata kwenye giza totoro. Lakini aina hiyo moja inatosha kuitia dosari sentensi niliyowaandikisha wanafunzi wa baiolojia mwaka baada ya mwaka: mzizi hufuata mvutano wa dunia, shina huukimbia. Alama mbili, twende swali linalofuata.

Sentensi yenyewe si ya uongo. Shida yake ni kwamba inamfanya msomaji adhani mzizi unaanguka. Mzizi hauanguki, unakua, na kukua kuelekea upande mmoja badala ya mwingine ni kazi. Lazima kuwe na kitu cha kupima uzito. Lazima homoni isafirishwe kutoka upande huu kwenda ule. Lazima seli za upande mmoja zirefuke kuliko za upande wa pili. Hakuna hatua hata moja kati ya hizo isiyokula nishati, na nishati ya mzizi chanzo chake ni jua, kupitia majani. Kwa hiyo ukianza kuuliza kwa nini mzizi unashuka, baada ya maswali mawili matatu utajikuta unazungumzia mwanga.

Anayetaka kulitazama kwa macho yake hahitaji maabara. Chupa ya jamu iliyooshwa, karatasi za shashi zilizolowa, na punje chache za mahindi zilizolala kwenye maji usiku kucha. Bana punje kati ya karatasi na kioo ili zionekane kwa nje. Mzizi wa kwanza ukitoka utaona ncha yake ina umanjano kidogo, na ukiigusa inateleza kwa ute. Subiri urefuke kama urefu wa kucha, kisha ilaze chupa. Baada ya saa chache mzizi umeinama, kesho yake unatazama chini kabisa. Cha kutazama kwa makini ni mahali ulipoinamia. Ncha yenyewe imebaki imenyooka. Kona iko nyuma yake kidogo, kwenye sehemu inayorefuka. Wanafunzi wangu kila mara walikuwa na swali lilelile: "Na ukiigeuza tena, mwalimu?" Ukiigeuza tena unapata kona nyingine, na mwenye subira anaweza kutengeneza mzizi wa ngazi.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa anatupia punje mbili kwenye shimo, anafukia kwa unyayo, anasogea. Sijawahi kumwona akiinama kuangalia punje imelala vipi. Kwenye mihogo ndiko alikokuwa mkali: chomeka kijiti juu chini uone kama hatakurudisha ukichomoe. Mbegu aliiamini ijitafutie njia yenyewe.

Aliyethibitisha kwamba mbegu inaongozwa na uzito hasa, wala si unyevu wa udongo au giza lake, alikuwa Mwingereza Thomas Andrew Knight wa Herefordshire, mtu wa bustani na miti ya matunda. Mwaka 1806 alitumia kijito kilichopita kwenye bustani yake kuzungusha gurudumu, na juu ya gurudumu akafunga mbegu za maharage zinazoota. Lilikuwa likizunguka mara 150 kwa dakika. Mbegu inayozungushwa namna hiyo wima haina tena juu wala chini ya kudumu. Kinachoisukuma bila kukoma ni ile kani ya kurushwa nje. Mizizi yote ikaelekea nje, machipukizi yote yakaelekea katikati. Halafu akalilaza gurudumu. Sasa uzito wa dunia na kani ya mzunguko vikawa vinavuta pamoja, na mizizi ikashika njia ya kati, nusu nje nusu chini. Kadiri alivyoongeza kasi ndivyo ilivyozidi kutoka nje. Jaribio lote ni kijito, gurudumu na maharage. Huwa namtaja kwa kila anayeniambia sayansi haiwezekani bila mashine za mamilioni.

Swali la pili ni mzizi unauhisi uzito kwa kiungo gani. Mwaka 1872, huko Breslau, mji ambao leo ni Wrocław wa Poland, Theophil Ciesielski alikata ncha za mizizi na kukuta inaendelea kukua lakini haiinami tena. Charles Darwin, uzeeni, akiwa nyumbani kwake Kent na mwanawe Francis, akarudia na kuongeza, na mwaka 1880 akatangaza kwamba hisia iko kwenye ncha, kisha ujumbe unapelekwa nyuma kwenye sehemu inayopinda. Julius Sachs wa Würzburg, bingwa wa fiziolojia ya mimea wa zama zile, alikasirika kweli. Aliona haya ni majaribio ya mzee wa shamba asiye na maabara. Darwin ndiye aliyekuwa sahihi. Katika miaka ya 1960 watafiti wa Uingereza waliivua ile kofia ndogo inayofunika ncha ya mzizi wa mahindi bila kuujeruhi mzizi wenyewe. Mzizi ukaendelea kurefuka kama kawaida, ila haukuwa na mwelekeo mpaka kofia ilipoota upya.

Ndani ya kofia hiyo kuna seli chache za katikati zenye chembe zilizojaa wanga, ziitwazo amiloplasti. Wanga ni mzito kuliko majimaji ya seli, kwa hiyo chembe hizi huketi sakafuni. Ukiulaza mzizi, ule uliokuwa ukuta unakuwa sakafu, na katika dakika chache chembe zimeteremka kwenda kukaa pale. Gottlieb Haberlandt wa Austria na Bohumil Němec wa Prague walilisema hili mwaka 1900, kila mmoja kivyake, mwaka uleule.

Hapa ndipo watu wengi hupita haraka, na mimi ndipo ninapotaka kusimama. Wanga ni nini? Ni sukari iliyounganishwa na kuwekwa akiba. Na sukari imetoka wapi? Imetengenezwa kwenye jani, kwa usanisinuru, ikateremka kwenye mishipa hadi kwenye ncha ya mzizi. Kipimo cha uzito cha mmea kimetengenezwa kwa chakula. Mmea ungeweza kutumia fuwele za madini, nao unazijua, kwani seli za mimea mingi zina fuwele za kalisi. Lakini kwenye kofia ya mzizi uliweka mlo.

Na mlo huo hauliwi ovyo. Kwa kawaida wanga wa majani hutumika usiku na kwisha karibu na alfajiri, kisha jua likitoka unaanza kujazwa upya. Wanga wa kofia ya mzizi hauendi na ratiba hiyo. Tangu enzi za Haberlandt imejulikana kwamba mmea ukishinda na njaa, wanga huu ni wa mwisho kuguswa, hata pale akiba nyingine zote zimekwisha. Timothy Caspar na Barbara Pickard walionyesha mwaka 1989 gharama ya kuukosa. Walichukua Arabidopsis, mmea mdogo wa jamii ya haradali unaotumika maabara duniani kote, wa uzao usioweza kabisa kutengeneza wanga. Mizizi yake ilikuwa bado inashuka, lakini kwa uvivu, na ukiulaza inachukua muda mrefu kuelewa kilichotokea. Chembe zilezile zikiwa tupu, bila wanga, zina uzito kiasi, ila si wa kutosha kutoa taarifa ya haraka.

Kuna hali ambayo mmea unakubali kuupoteza wanga huo: kiu. Hideyuki Takahashi na wenzake wa Japani waliripoti mwaka 2003 kwamba mizizi ya Arabidopsis na figili ikipata ukame, amiloplasti za kofia huvunjwavunjwa haraka, mzizi unapoteza utii kwa uzito, na sasa unaweza kufuata unyevu popote ulipo, hata kama ni ubavuni. Binafsi naliona hili kuwa jambo la busara kuliko yote katika habari hii. Mzizi ambao umeshuka chini na kukuta pakavu hauna sababu ya kuendelea kushuka kwa nidhamu.

Chembe zikishatua, nini kinafuata? Kwa zaidi ya miaka mia moja hapo palikuwa na shimo. Mwaka 2023 makundi mawili, moja la China na lingine la Japani, yalilijaza kwa kiasi kikubwa. Kuna protini za familia ya LAZY, jina lililotokana na mpunga unaolala chini kwa uvivu jeni hiyo ikiharibika. Protini hizi hukaa juu ya ngozi ya amiloplasti. Chembe zikishukia upande mpya, protini zinahamia kwenye utando wa seli ulio karibu, na pale zinaelekeza homoni ipitishwe upande ule. Kwa hiyo chembe zinabeba ujumbe kwenye ngozi yake, na zinaukabidhi kwa ukuta zinakofikia.

Homoni yenyewe ni auksini. Wanasayansi wawili, Nikolai Cholodny wa Kyiv na Frits Went wa Utrecht, ndio walioeleza katika miaka ya 1920 kwamba mmea unapinda kwa sababu auksini imekuwa nyingi upande mmoja. Kwenye shina auksini nyingi hurefusha seli. Kwenye mzizi huzizuia. Auksini ikirundikana upande wa chini, seli za chini zinasimama, za juu zinaendelea kurefuka, na ncha inalazimika kuinama.

Sasa tuhesabu gharama. Auksini ni asidi dhaifu. Nje ya seli kuna uchachu, hivyo sehemu yake inaweza kupenya ndani. Ndani hakuna uchachu, kwa hiyo inapoteza protoni, inabaki na chaji, na haiwezi kutoka tena ila kwa kupitishwa na protini maalumu za familia ya PIN. Maelezo haya yalitolewa na Paul Rubery na Rupert Sheldrake mwaka 1974, na John Raven mwaka uliofuata. Yote yanasimama juu ya sharti moja: tofauti ya uchachu kati ya nje na ndani ya seli idumu. Inadumishwa na pampu zinazotoa protoni nje saa zote, na kila protoni moja inayotolewa inagharimu molekuli moja ya ATP, ile sarafu ya nishati ya seli. Pampu hizi ni miongoni mwa walaji wakubwa wa nishati katika seli nzima ya mmea. Zikikosa ATP, tofauti inapungua, auksini inakosa msukumo, na zile chembe za wanga zinaweza kutua vizuri kabisa kwenye sakafu mpya bila mzizi kuinama.

Mzizi ni mwanafunzi wa bweni: chakula chote kinatoka nyumbani, na nyumbani kukiwa na shida yeye ndiye wa kwanza kujua. Kloroplasti hana, au anazo chache zisizo na maana chini ya udongo. Ana mitokondria zake, vinu vya nishati vya seli, na oksijeni inayopenya kwenye matundu ya udongo, basi. Molekuli moja ya glukosi ikichomwa kwa oksijeni inatoa ATP kama 30. Bila oksijeni inatoa 2. Shamba likituama maji kwa siku kadhaa, mizizi inajikuta na sukari ileile lakini na bajeti ya moja ya kumi na tano.

Seli zinajuaje kwamba sukari ipo au haipo? Kuna protini iitwayo TOR, ambayo hadithi yake naipenda kwa sababu ilianzia kwenye udongo. Mwaka 1964 watafiti walichukua sampuli za udongo kwenye Kisiwa cha Pasaka, Rapa Nui, na bakteria waliokuwa humo wakatoa dawa iliyoitwa rapamaisini kwa heshima ya kisiwa hicho. Mwaka 1991, huko Basel, uchunguzi wa hamira ulionyesha ni protini gani dawa hiyo inaishika, na ndiyo TOR, kidhibiti cha ukuaji kilichopo kwa binadamu, kwa hamira na kwa mimea. Mwaka 2013 Yan Xiong, Jen Sheen na wenzao walionyesha kwamba mche mchanga wa Arabidopsis huuweka mzizi wake katika hali ya kusubiri mpaka majani yaanze kutengeneza glukosi. Glukosi ikifika, TOR inaamka, na ncha ya mzizi inaanza kugawanya seli. Mwaka 2020 kundi la Xiong likaongeza sehemu inayohusu mada yetu moja kwa moja. PIN2, ile protini inayopitisha auksini kwenye ngozi ya mzizi na ambayo bila yake mzizi unapoteza mwelekeo, inahitaji glukosi na TOR ili isivunjwe. Sukari ikikatika, PIN2 inapungua, na mpangilio wa auksini kwenye ncha unavurugika.

Kwa maneno mengine njaa inagusa usafirishaji mara mbili: inapunguza nguvu ya pampu na inaondoa milango yenyewe.

Mwanga nao haungoji kugeuzwa kuwa sukari ndipo uufikie mzizi. Mwaka 2008 Ashverya Laxmi na wenzake waliripoti kwamba miche ikiwekwa gizani, PIN2 ya mizizi huondolewa kwenye utando na kupelekwa kwenye vakuoli, kifuko kikubwa cha ndani ya seli, kuharibiwa. Ikirudishwa kwenye mwanga, hurudi kazini. Katikati ya shughuli hiyo yuko HY5, protini ambayo kazi yake inayojulikana zaidi ni kuuambia mche umeshatoka ardhini, uache kurefuka ovyo, uwe kijani. Nayo husafiri kutoka majani hadi mizizi, hivyo habari za juani zinashuka zenyewe.

Halafu kuna jambo ambalo nilipolisoma mara ya kwanza nililirudia kulisoma. Mwaka 2016 watafiti wa Korea Kusini na Ujerumani walionyesha kwamba mwanga unapitishwa na shina lenyewe hadi ndani ya mizizi. Unaangaza majani tu, mizizi umeifunika, na bado kipokezi cha mwanga kiitwacho fitokromu B kilichoko mizizini kinawashwa na mwanga ulioteremka kwenye tishu za shina. Kipokezi hicho kikishawashwa, HY5 inaongezeka hapohapo mzizini, na ukuaji wa mzizi pamoja na mwitikio wake kwa uzito vinabadilika. Unaofika ni mwanga mwekundu na ule ulio ng'ambo ya wekundu, ambao macho yetu karibu hayauoni. Wa bluu unaishia njiani. Ukikumbuka kwamba mahindi ya Merit yaliamshwa na wekundu, mambo yanaanza kukaa pamoja, japo Merit ulimulikwa mzizi wenyewe na hapa anayemulikwa ni jani.

Hadi hapa nimesimulia kana kwamba kila kitu kimetulia. Nina manung'uniko, na si yangu peke yangu. Karibu yote tunayoyajua kuhusu mizizi ya Arabidopsis yametoka kwenye visahani vya plastiki angavu vilivyosimamishwa wima kwenye kabati lenye taa. Ndani ya kisahani kuna agari, aina ya jeli, juu ya agari kuna mche, na mzizi wake unatambaa kwenye uso wa agari ukimulikwa sawasawa na majani. Juu ya hilo, agari huwa imetiwa sukari, mara nyingi gramu 10 kwa lita. Umeshaona tatizo. Tunachunguza jinsi mzizi unavyofuata uzito, huku tumeuweka mahali ambapo hauishi kamwe, tukaumwagia mwanga usioujua na kuulisha sukari kwa mlango wa nyuma.

František Baluška wa Bonn na wenzake wa Japani wamelipigia kelele jambo hili kwa miaka. Walionyesha mwaka 2011 kwamba mzizi ukipigwa na mwanga, ndani ya sekunde chache unatoa mlipuko wa kemikali kali za oksijeni, zile ambazo mmea huzitoa ukiwa kwenye dhiki. Kasi ya mzizi kwenye kisahani angavu ambayo tuliiandika kuwa ya kawaida huenda kwa sehemu ni mbio za kutafuta kivuli. Mwaka 2015 kundi la Madrid likachapisha kifaa rahisi, D-Root, ambamo majani yanapata mwanga na mizizi inakaa kwenye giza. Humo, kinyume na wazo hilo la mbio, mizizi ya gizani ilikuwa mirefu kuliko iliyomulikwa, na ile iliyomulikwa iliwahi kuchipuza matawi. Watafiti wengine, akiwemo Katarzyna Retzer na wenzake, wameendelea kuupima mgogoro huo wa mwanga, sukari na auksini kwenye mizizi iliyofunikwa, na mara kwa mara sukari ile ya agari imeonekana kubadilisha jibu.

Sisemi kazi za zamani zitupwe. Kofia ni kofia, wanga ni wanga, na PIN2 iligunduliwa kihalali mwaka 1998. Lakini namba za kasi, za pembe, za muda wa kuinama, hizo ningependa zirudiwe na mizizi iliyofunikwa kabla mtu hajazitumia kumpangia mkulima chochote. Kwenye kituo cha anga za juu, ambako uzito haupo, Anna-Lisa Paul na Robert Ferl wa Florida waliona mwaka 2012 kwamba mizizi bado inajipanga, inaukimbia mwanga na kuserereka upande kwa mtindo uliodhaniwa kuwa kazi ya uzito. Ukiondoa kimoja ndipo unagundua kingine kilikuwa kinafanya kazi kiasi gani.

Kwa mkulima pembe ya mzizi si mchezo. Mwaka 2013 Yusaku Uga na wenzake wa Japani walieleza jeni ya mpunga waliyoiita DRO1, jamaa wa zile LAZY. Waliipata kwenye mpunga wa nchi kavu wa Ufilipino, Kinandang Patong, wakaiingiza kwa kuzalisha kwenye IR64, mpunga maarufu wenye mizizi ya juujuu. Mizizi ikashuka kwa pembe kali zaidi, na kwenye ukame mkali, ambapo IR64 wa kawaida karibu hautoi kitu, ule wenye DRO1 ulitoa mavuno.

Mtu akisikia hivyo anataka kila mzizi ushuke. Maharage yanapinga. Jonathan Lynch wa Marekani na wenzake walionyesha miaka ya 1990 kwamba udongo ukikosa fosforasi, mizizi ya pembeni ya maharage, hasa ya aina zinazostahimili, inalegeza utii wake kwa uzito na kutambaa karibu na uso wa ardhi. Fosforasi haitembei kwenye udongo. Inakaa juu, kwenye mabaki ya majani na mbolea. Nayo ndiyo P ya kwenye ATP. Mzizi uliopungukiwa malighafi ya nishati unaacha kushuka na kwenda ilipo. Sehemu kubwa ya maharage ya Afrika Mashariki yanalimwa kwenye udongo mwekundu uliopungukiwa fosforasi, kwa hiyo mzizi mrefu unaosifiwa kwenye mpunga unaweza kuwa hasara kwenye shamba la maharage la mlimani. Mzizi wa kina unajengwa kwa sukari, na sukari iliyozikwa mita moja chini haitajaza ganda.

Na kama mtu bado anadhani chini ndiko kwa mizizi yote, aende pwani maji yakiwa yametoka. Chwaka, Unguja, au popote penye mikoko. Chini ya mkoko uitwao mchu tope limejaa vijiti vyembamba vilivyosimama wima kama urefu wa kiganja, mamia kwa mamia, vikifuata mistari inayotoka kwenye shina. Vya mlilana ni vinene zaidi, vya umbo la pia. Ukifukua kimoja unakuta kimeshikana na mzizi unaotambaa ubavuni ndani ya tope, na kutoka kwenye mzizi huohuo kuna mizizi mingine midogo inayoshuka. Mti mmoja, mzizi mmoja, na matawi yake yanasoma uzito uleule kwa namna tatu: mengine chini, mengine ubavuni, mengine juu moja kwa moja.

Sababu ni nishati. Tope la mikoko halina oksijeni. Ukilichimbua linanuka yai viza. Mizizi iliyomo ingebaki na zile ATP 2 kwa kila glukosi kama visingekuwepo vijiti vinavyotoka nje kuvuta hewa na kuiteremsha kwa matundu ya ndani. Kwangua gamba la kijiti kwa ukucha: chini yake mara nyingi kuna ukijani. Ni klorofili. Mzizi uliopanda hadi juani umeanza kutengeneza sukari kidogo na oksijeni yake palepale.

Vijiti hivyo na mizizi mingine ya hewa ya mikoko vina urefu wa kutosha tope la kawaida, si zaidi. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliteremsha udongo mwingi kwenye hori ya Mwache, karibu na Mombasa, ukaifukia mizizi ya hewa, na eneo kubwa la mikoko likafa limesimama.